Uzito wa Mshono

Keringet,
9 Februari 2025

Kwa Shangazi Chesang,

Chamgei. Natumaini barua hii inakukuta mzima na kwamba wagonjwa wako bado wanakuogopa. Sisi huku hatujambo. Abby ametimiza miaka minne na ameanza kuuliza maswali kanisani. Jumapili iliyopita alimuuliza mchungaji kama Mungu hunyoa ndevu, na mama mkwe akaniangalia mimi badala ya kumwangalia mtoto. Viazi tumevuna. Ng'ombe mmoja amekauka maziwa na mwingine ameanza kupiga teke. Baba, yaani kaka yako Kosgei, alipita hapa akitoka soko la Olenguruone, akala, akasinzia kwenye kiti, akaenda zake. Hiyo ndiyo habari yake yote.

Utashangaa kwa nini nakuandikia barua kama watu wa zamani ilhali nina simu. Simu ninayo, lakini mtandao huku unashika mahali pamoja tu, juu ya jiwe lililo mbele ya jiko la mama mkwe, na mama huyo ana masikio ambayo serikali ingeyaajiri. Kila ninachosema pale kinafika kituo cha maziwa kabla sijakata simu. Kwa hivyo barua hii nimempa Ngigi, dereva wa lori la maziwa, na ameapa hataifungua.

Sasa neno lenyewe. Nina mimba ya miezi minne. Kliniki walisoma zile karatasi za Abby wakasema ni operesheni tena, hakuna kujaribu, kwa sababu Abby alikuwa amekingama tumboni na kizazi kilikatwa kwa wima. Wanasema uchungu ukinianzia nyumbani, mshono ule unaweza kupasuka, na hapo tunakufa mimi na mtoto. Wameniandikia Julai mosi, Nakuru, hospitali yako.

Sitaki. Wao nimewaambia nitafikiria, wewe nakuambia ukweli: sirudi kwenye kile kitanda. Kuna mama hapa anayezalisha watu nyumbani na anasifiwa ana mikono mizuri. Usinipigie kelele. Nataka unijibu kitu kimoja tu, kwa kuwa wewe ni nesi: siku hizi mnawapa wanawake nini cha maumivu baada ya kupasuliwa? Ni vilevile, au kuna kipya? Nauliza tu.

Mtoto wa kaka yako,
Jeruto


Nakuru,
20 Februari 2025

Jeruto binti ya Kosgei,

Salamu nyingi kwako, kwa Kiptum mumeo, na kwa yule mwanatheolojia wa miaka minne. Mimi ni mzima, ila magoti yameamua kuzeeka bila kunisubiri. Lynn wangu amepata kazi kule chuoni Njoro, kwenye maabara ya ngano. Anashinda akihesabu punje. Miaka yote ile ya shule, kumbe nilikuwa namfundisha kuhesabu ngano.

Bahasha hii nimeifunga kwa plasta ya hospitali, ile ambayo hata maji hayaibandui. Ngigi, kama umefika mstari huu, weka barua chini umfikirie mama yako.

Kuhusu yule mama wa mikono mizuri: mikono hiyo haina damu ya kukuongezea. Kizazi kilichokatwa wima hakijaribiwi nyumbani. Uliniambia nisipige kelele, basi nimezipiga hapa kwangu kabla ya kuandika, mpaka jirani akagonga ukuta.

Umeuliza kama kuna kipya. Kipo, na umemuuliza mtu anayehusika. Tuna daktari kijana wa ganzi, anaitwa Mwaura, anasomea shahada ya pili na anafanya utafiti wa kulinganisha njia mbili za kuondoa maumivu baada ya operesheni ya uzazi. Mimi ndiye nesi wake wa utafiti, maana yake mimi ndiye ninayebeba rula. Akina mama wote wanapata panadol, na pia kile kidonge kinachoingizwa kwa mlango wa nyuma, ambacho wakionyeshwa tu wanakumbuka ghafla kwamba hawaumwi popote. Juu ya hivyo inafunguliwa bahasha. Bahasha nyingine inasema mama aongezewe morfini kidogo sana ndani ya sindano ya mgongo. Nyingine inasema asiongezewe, bali akishashonwa adungwe ganzi ubavuni, kushoto na kulia, daktari akitazama kwenye mashine ya picha, ili ukuta wa tumbo ulale. Daktari hachagui wala mama hachagui. Kuna mmoja alikataa bahasha yake ifunguliwe mpaka mumewe afike, akidhani ameshinda pikipiki.

Halafu mimi napita na rula. "Mathe, kutoka sifuri mpaka kumi, inauma ngapi?" Na hapo ndipo utafiti unapofia. Wiki ya tatu hii, wote ni sifuri. Mtu hawezi kugeuka, jasho linamtiririka hadi masikioni, na bado anakuambia, "Sifuri, sista. Niko sawa tu." Ni mwalimu mmoja wa Njoro peke yake aliyenipa nane. Nikatimua mbio kumwita daktari, kumbe alikuwa ananisahihisha mimi. "Nane juu ya kumi," akasema, "umejaribu, lakini chai yenu ni baridi."

Mwaura anafurahi, anasema njia zote mbili zimefaulu kabisa. Mimi namwambia sifuri zake zote zina mama mkwe kando ya kitanda.

Sasa na wewe nijibu. Kwa nini hutaki kurudi kwenye kile kitanda? Na usiniambie ni chakula.

Shangazi yako,
Chesang


Keringet,
16 Machi 2025

Shangazi,

Chamgei. Hatujambo. Mvua imeanza na tunapanda. Mama mkwe aliona bahasha yenye plasta akauliza ni ya nini, nikamwambia ni dawa ya chuchu za ng'ombe. Sasa anataka kuiona ikifanya kazi.

Ni chakula.

Kiptum anasema nifanye ninavyoona. Ni mume mzuri, lakini ukimuuliza kitu kizito anakumbuka kwamba ua limeanguka upande wa chini. Mama mkwe yeye hana shaka yoyote. Anasema nitaenda Nakuru, atanisindikiza kama mara ile, atakaa kando yangu na chupa yake ya chai, na kila kitu kitakwenda kama mara ile. Anajivunia mara ile. Mpaka leo huwasimulia wanawake wa kanisa kwamba mke wa Kiptum alipasuliwa na hakuna aliyesikia hata pumzi yake. Wanawake wa boma hili hawapigi kelele, ndivyo anavyosema, na wote wananigeukia wanatikisa vichwa, nami natabasamu kwa niaba yenu nyote mlionizaa.

Niambie kuhusu hiyo morfini. Haitamdhuru mtoto kwa maziwa? Haimfanyi mtu aropokwe? Na kama mwanamke akisema nane kweli kweli, mnafanya nini? Mnamletea kitu, au mnaandika tu?

Yule mama wa mikono mizuri nilimwona sokoni. Ameniambia mlango uko wazi.

Jeruto


Nakuru,
30 Machi 2025

Mwanangu Jeruto,

Nimefurahi kusikia mmepanda. Hapa hakuna jipya, ila Lynn ameleta kijana nyumbani, mrefu, mpole, anakula kwa adabu. Nimemuuliza maswali mawili tu na akatoka jasho. Naona atafaa.

Morfini yenyewe ni tone. Inaingia maziwani kidogo mno, unanyonyesha bila wasiwasi. Huropokwi, ingawa wako wachache ambao ningependa waropokwe. Ubaya wake ni kujikuna. Wanajikuna pua, shingo, mpaka mgeni anadhani wodi ina viroboto. Wengine wanatapika. Ganzi ya ubavuni haina mikwaruzo wala kutapika, lakini inaishi muda mfupi zaidi. Na mwanamke akisema nane tunamletea kitu. Kabati liko hapo hapo wodini. Shida ni kwamba hakuna anayesema nane.

Jeruto, wewe hukimbii chakula. Ulikulia nyumbani kwa kaka yangu, na mapishi ya pale yangemkimbiza mfungwa. Wewe unakimbia maumivu, na huna haja ya kuona aibu kwa hilo. Ila sijui ni maumivu kiasi gani, na bila kujua siwezi kukusaidia. Basi niambie ile safari ya Abby iliuma vipi. Wanawake mia ngapi nimewauliza swali hili kazini, wewe sijawahi kukuuliza.

Siku zinaenda. Ukinyamaza mpaka Julai, nitakuja huko mwenyewe nisimame juu ya lile jiwe niseme kila kitu kwa sauti.

Shangazi Chesang


Keringet,
27 Aprili 2025

Shangazi,

Barua yako ilikaa siku tisa ndani ya lori. Ngigi alikwama kwenye matope mpaka maziwa yakaganda. Halafu ilikaa wiki mbili kwangu.

Umeuliza iliuma kiasi gani. Rula yenu mimi siijui, najua viazi, basi nitakuambia kwa viazi. Siku ya kwanza ilikuwa gunia, lile linalojazwa likashonewa nyavu juu na kujazwa tena, ambalo broka anayenunua anaapa ni gunia moja na mgongo unajua ni mawili. Siku ya pili ilikuwa gunia hilohilo na mtu mzima amekaa juu yake. Nilipokohoa yule mtu aliruka. Abby akilia nilikuwa naomba mtu mwingine amchukue, nikaanza kufikiri simpendi. Siku ya tatu nusu gunia. Baridi ikizidi, hata leo, bado ni kibaba. Hakuna siku ilikuwa sifuri.

Kwa hivyo sitaki kusikia Julai. Nimeshamwambia yule mama aje mwisho wa Juni.

Na unasema hujawahi kuniuliza. Sawa.

Jeruto


Nakuru,
25 Mei 2025

Jeruto,

Salamu. Niko mzima, Lynn mzima, yule kijana bado anakuja. Nimeandika barua hii mara tatu na mara tatu nimeichana.

Naanza na gunia lako. Jumatatu baada ya kupata barua yako niliacha rula mezani nikamwendea mama mmoja kutoka Olenguruone, siku yake ya kwanza, fomu yake imejaa sifuri. Nikamuuliza, "Mathe, kama huo mshono ungekuwa mzigo, ni mzigo gani?" Hakufikiri hata kidogo. "Gunia," akasema. "Tena limenyeshewa." Nikamtazama mama mkwe wake nikitarajia jicho kali. Mama yule akatikisa kichwa akasema, "Limenyeshewa ni zito sana, hiyo ni kweli." Akammiminia chai.

Ndipo nikaelewa. Miaka ishirini na sita kazini. Mwanamke wa kwetu atakuficha maumivu mpaka azikwe nayo, lakini mzigo hakupunguzii hata kilo moja, kwa sababu akipunguza, broka anamla. Tumekuwa tukiwauliza kitu ambacho wamefunzwa kukikana, na karibu nacho kulikuwa na kitu ambacho wamefunzwa kukitetea.

Mwaura aliniambia fomu yake haitambui viazi. Nikamwambia basi fomu yake haitambui Kuresoi kwetu. Ameiandikia kamati ya utafiti kuomba ruhusa, na kamati imejibu kwa kuuliza kama ni viazi vibichi au vilivyokaushwa. Wakati wanafikiri, mimi nawauliza kwa ajili ya matibabu tu, na anayesema gunia anapewa dawa. Wenye morfini ya mgongo, siku ya kwanza wengi ni debe, na kujikuna. Wenye ganzi ya ubavuni wanaamka vizuri, wanageuka, wanacheka, halafu jioni ganzi inaisha na gunia linarudi lote bila kupiga hodi. Ni wanawake kumi na tisa tu, Mwaura ananikanya nisitangaze lolote. Lakini wewe ni mtoto wangu na sikutangazii, nakushauri: usiingie kwenye utafiti wenye bahasha. Chukua morfini, ujikune. Na kuliko morfini yenyewe, panadol na kile cha mlango wa nyuma vipewe saa ikifika, bila kungoja uombe, kwa sababu ninyi hamuombi.

Sasa lile lingine. Kurasa hizi zote za viazi niliziandika ili nisifike hapa.

Nilienda chumba cha mafaili nikalitafuta lako la mwaka 2021. Lilikuwa chini kabisa. Sifuri, sifuri, sifuri, sifuri. Mwandiko ni wangu. Nilikuwa zamu, na nilikuuliza mara nne mama mkwe wako akiwa amekaa pale, na mara nne ukasema uko sawa, na mara nne nikaona vidole vyako vimeshika chuma cha kitanda hadi vimegeuka rangi. Niliviona, Jeruto. Pethidini, ile sindano kali ya maumivu, ilikuwa kabatini na ufunguo wa kabati ulikuwa mfukoni mwangu. Nikaandika sifuri kwa sababu nilikuwa najivuna. Nilitaka mama yule arudi Keringet akaseme jinsi binti ya Kosgei alivyojikaza, na alisema, na sifa hizo nikazipokea kana kwamba ni mimi niliyepasuliwa.

Kisha nikakuandikia kwamba sijawahi kukuuliza. Sikusahau. Niliogopa.

Nisamehe. Na hata ukinikatalia, usizalie nyumbani. Nakuomba.

Chesang


Keringet,
15 Juni 2025

Shangazi,

Chamgei. Abby mzima, ng'ombe wazima, miguu yangu imevimba.

Nilijua. Nilijua tangu siku ile, kwa sababu uliangalia vidole vyangu kwanza ndipo ukaandika. Lakini kuna kitu hukukiandika na mimi nitakiandika. Jioni ya siku ya pili ulikuja peke yako. Mama mkwe alikuwa ametoka kwenda korido. Nilikuwa nimejipanga, nimeyafanyia mazoezi maneno, nilitaka kukuambia siwezi tena. Ukanifunika shuka, ukanishika shavu, ukasema, "Umetuheshimisha." Nikashindwa. Ningefungua mdomo vipi baada ya hapo?

Nimekukasirikia miaka minne. Kila Krismasi nimekupikia nikiwa nimekukasirikia. Ule mwaka chapati zilikuwa na chumvi nyingi haikuwa bahati mbaya.

Baada ya kusoma barua yako nilikasirika upya wiki moja, halafu nikalia, halafu nikalala usingizi mzuri. Nimemwambia yule mama wa mikono mizuri asije. Nataka kuishi, na nataka huyu mtoto aishi, na nataka nimbebe siku ya kwanza bila kuomba mtu mwingine amchukue.

Kwa hivyo nitakuja Julai mosi, lakini wewe usiwepo. Sisemi usiwe zamu tu, nasema usiwe Nakuru. Nikikuona na ile sare yako nitasema niko sawa, mdomo wangu umekuzoea. Mama mkwe amekataa kubaki nyumbani, atakuja na mimi, na Kiptum atatuleta. Basi hapa kunabaki Abby na ng'ombe. Njoo ukae nao. Yule anayepiga teke anaitwa Baraka.

Jeruto


Nakuru,
22 Juni 2025

Mwanangu,

Nimeisoma yako nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Zile chapati nilizila tano, na nikazisifu.

Imeniuma kwamba hutaki niwepo, na una haki. Nimeomba likizo. Mkubwa wangu aliuliza naenda wapi, nikasema naenda kukamua, akadhani namtukana.

Atakayekuwa nawe ni nesi Obura. Ni mwanamume, mkimya, ana mikono mikubwa, na mama mkwe wako atahitaji siku nzima kumzoea. Sijamwambia lolote kuhusu mimi na wewe. Nimemwonyesha tu namna ya kuuliza. Mwaura mwenyewe atakudunga ile ya mgongo, na morfini ameahidi.

Sina ushauri mwingine. Nenda salama.

Chesang


Keringet,
2 Julai 2025

Jeruto,

Nakuandikia kutoka jikoni kwako. Baraka amenipiga teke mara mbili na kumwaga ndoo, na Abby ameniuliza kama ni kweli mimi ni daktari. Tumekula ugali na maziwa, siku mbili mfululizo, kwa sababu kuku wako wananikimbia.

Jana saa nane Kiptum alipiga simu. Nilikuwa juu ya jiwe tangu saa tatu asubuhi, na wanawake wawili waliokuwa wanapita walidhani nahubiri. Akasema ni mvulana, mtoto mzima, mama mzima, kila kitu kiko sawa. Nikamuuliza, "Anaumwa?" Akasema hakuuliza. Nikamwambia aende akaulize. Akasema mama yake yuko ndani.

Kwa hivyo nimelala na hilo neno "sawa" kichwani, na nimeamka nalo. Niliandika neno hilo miaka mingi na sasa silitaki. Ngigi anaondoka alfajiri na maziwa na barua hii. Niambie ukweli, hata kama ni mbaya.

Shangazi yako


Nakuru, wodini,
3 Julai 2025

Shangazi,

Chamgei, kutoka kitanda cha dirishani. Ngigi ameleta barua yako mwenyewe mpaka mlango wa wodi, ananuka maziwa, akaniuliza kama ni mvulana kweli. Anakusalimu. Bahasha ilikuwa imefungwa vizuri, na bado alijua kuhusu teke.

Mtoto ana kilo tatu na robo na kichwa cha baba yako mzazi. Nilimbeba siku ya kwanza. Nilimbeba mwenyewe, nikamnyonyesha, nikamtazama kucha zote. Morfini ilifanya kazi siku nzima ya kwanza na usiku wake, na nimejikuna pua mpaka imekuwa nyekundu. Vile vingine vilikuja saa ikifika, pamoja na kile cha mlango wa nyuma, ambacho mama mkwe alipoona kinakuja na Obura alisali kwa sauti.

Jana jioni morfini iliisha, na leo asubuhi vile vingine havikutosha. Niliamka nikajua. Nikashika chuma cha kitanda bila hata kufikiri. Obura akaja akasema, "Naomba wageni watoke kidogo," na mama mkwe akamwambia, "Mimi si mgeni, mimi ni kogo, nyanya ya huyu mtoto," akakaa palepale na chupa yake. Obura akanigeukia mimi. Akaniuliza nasikiaje. Mama mkwe ananitazama. Mdomo wangu ukaanza kusema niko sawa, niliusikia ukianza.

Nikasema, "Inauma."

Ni hilo tu. Sikutafuta mzigo wala nambari. Nikasema tena, "Inauma sana, nisaidie," na nikalia, Shangazi, nililia kwa sauti mpaka mama wa kitanda cha pili naye akaanza kulia kunisindikiza. Obura hakuandika kitu. Alienda kabatini kwanza, akarudi na sindano, akanidunga, akangoja, ndipo akachukua kalamu. Sasa naweza kugeuka. Nimelala ubavu nikiandika haya.

Njoo Jumamosi. Kiptum anarudi kesho, atakaa na Baraka. Njoo uniulize na wewe. Sijamaliza hasira yote lakini imekuwa ndogo, na nataka umwone mtoto.

Lakini lililonifanya nichukue kalamu haraka ni hili. Nilipokuwa nalia, nilidhani nimemwaibisha mama mkwe. Aliweka chupa ya chai chini, akavuta pazia. Halafu akamuuliza Obura, kwa kile Kiswahili chake cha sokoni, "Hii kitu munauliza kila mutu?"

"Kila mtu, mathe."

"Mimi nimezaa saba," akasema. "Hakuna mutu aliniuliza."

Obura hakucheka. Ana wagonjwa kumi na wawili wanamsubiri, nimewahesabu. Akavuta kiti, akakaa mbele yake, akasema, "Basi mimi nakuuliza."

Na mama mkwe akaanza na wa kwanza. Anaongea polepole, machozi yanamtoka na hayapangusi, na mkono wake mmoja umeshika wangu, sijui nani alimshika mwenzake. Sijawahi kumsikia akisema maneno haya, wala Kiptum hajawahi. Kiptum amesimama mlangoni na kikombe cha uji, kwa sababu amemkuta mama yake akisimulia wa nne, ambaye ni yeye, na hajui kama aingie au akimbie. Amebaki hapohapo. Uji unapoa.

Hakuna anayemharakisha. Bado watatu.

Jeruto